Wafugaji wa Ireland wanauza Uingereza bila ushuru, mbona bado wanaumia? Nauliza kwa ajili ya sosaiti yetu ya Njoro

MamaMitamba_Njoro

Habari zenu wadau. Mimi ni mweka hazina wa sosaiti ndogo ya maziwa huku Njoro, upande wa kupanda Mau Narok. Wanachama wengi ni akina mama wa ng'ombe wawili watatu, na maziwa yetu yote huchukuliwa na kiwanda kimoja. Mwezi uliopita bei ilishuka shilingi nne kwa lita. Hakuna barua iliyokuja. Dereva wa lori ndiye aliyetuambia asubuhi, mikebe ikiwa tayari barabarani. Tulipouliza, tukajibiwa kwamba soko limejaa na mikataba ya biashara na nchi za nje imebadilika.

Kwenye mkutano mwanachama mmoja, mwalimu mstaafu, alisimama akasema tusidhani ni sisi pekee. Akasema hata wafugaji wa Ireland, wenye nyasi za kijani karibu mwaka mzima na serikali inayowapa ruzuku, wametoka barabarani na matrekta kwa sababu ya mikataba. Nikaenda kusoma, nikazidi kuchanganyikiwa. Uingereza ilitoka Umoja wa Ulaya, Ireland ikabaki ndani, lakini pande hizo mbili zikaandikiana mkataba usio na ushuru. Mpaka leo nyama ya Ireland inaingia Uingereza kwa ushuru sifuri. Kama ushuru haupo, mfugaji anaumizwa na nini?

Nina sababu ya kuuliza. Nimepewa kazi ya kukiandikia kiwanda barua kabla ya mkutano mkuu, na sitaki kupeleka malalamiko matupu. Nataka nijue bei ya mfugaji huguswaje na mambo yanayoamuliwa mbali naye.

La pili ni ndama dume. Friesian akizaa dume hapa kwetu, anakunywa maziwa ambayo yangeuzwa, na akiachishwa hapati mnunuzi wa maana. Nimesikia Ireland huwapakia kwenye meli. Ni kweli?

KijanaWaMolo

Mama, kwa maoni yangu tusijilinganishe na hao watu. Mkulima wa Ireland anapokea malipo ya Umoja wa Ulaya kila mwaka. Nilisomea kilimo, na jambo moja lililonishangaza ni kwamba kwenye mashamba mengi ya ng'ombe wa nyama kule, ukiondoa hayo malipo, hesabu ya mwaka inabaki hasi. Yaani mnyama mwenyewe hajilipii. Sisi hatuna wa kutuziba pengo. Bei ikishuka shilingi nne, ni shilingi nne zimetoka kwa karo ya mtoto.

KaraniWaMalaba

Mama, salamu kutoka mpakani.

Kazi yangu ni wakala wa forodha hapa Malaba, na sehemu kubwa ya maisha yangu nimeshughulikia makaratasi ya mifugo, ngozi na maziwa. Binti yangu ni muuguzi kaunti ya Cavan, Ireland, jirani kabisa na mpaka wa Ireland Kaskazini, nami nilikaa kwake mwaka 2019. Kwa hiyo nitakujibu kwa ninayoyajua kazini na kwa niliyoyaona kule.

Uliposema ushuru ni sifuri, ulisema kweli. Lakini mimi hapa nimeona shehena isiyodaiwa hata senti moja ya ushuru ikioza kwenye lori kwa sababu cheti cha daktari wa mifugo kilikuwa na tarehe isiyolingana na ya kibali. Ushuru ni gharama ambayo mfanyabiashara anaijua kabla hajaondoka nyumbani. Yanayomuumiza mfugaji ni yale ambayo hakuna anayeyajua mapema, kwa sababu mnunuzi akiwa na wasiwasi, wasiwasi huo anaukata kwenye bei ya shambani. Haukati kwingine.

Anza na mwaka 2016. Waingereza walipiga kura ya kujitoa tarehe 23 Juni. Hawakuwa wametoka bado, hakuna sheria hata moja iliyobadilika, hakuna ofisa mpya bandarini. Lakini pauni ilianguka. Kabla ya kura, yuro moja ilikuwa kama peni 76. Kufika Oktoba ilikuwa imekaribia peni 90. Ireland inatumia yuro, na inauza nje takriban asilimia 90 ya nyama yake ya ng'ombe, karibu nusu yake ikienda Uingereza. Mnunuzi wa London alilipa pauni zilezile, lakini zilipobadilishwa kuwa yuro zikawa chache. Wakulima wa uyoga waliokuwa wamefunga bei kwa pauni walikuwa wa kwanza kuanguka, baadhi yao wakafunga mashamba mwaka huohuo. Wafugaji wa nyama wakafuata kuumia, polepole zaidi.

Sasa nifike 2019, maana hapo ndipo nilipoelewa. Tarehe ya Uingereza kuondoka ilikuwa 29 Machi. Ikasogezwa hadi 12 Aprili, kisha hadi 31 Oktoba, na mwishowe wakatoka 31 Januari 2020. Kwa wanasiasa hizo ni tarehe tu. Lakini viwanda vya nyama kule vina masharti: ili ng'ombe apate nyongeza ya bei lazima awe hajafikisha miezi 30, awe hajapitia zaidi ya mashamba manne, na awe amekaa muda uliowekwa kwenye shamba la mwisho. Maduka makubwa ya Uingereza ndiyo yaliyotaka mengi ya hayo. Fikiria una maksai wa miezi 28 na hujui kama baada ya mwezi mmoja soko lako kubwa litakuwa na ushuru wa kukatisha tamaa au litakuwa wazi kama jana. Ukimshikilia, anapita umri na anaendelea kula. Ukimpeleka leo, unapeleka pamoja na kila jirani aliyeogopa kama wewe, na kiwanda kinaona foleni getini. Bei ya vuli mwaka ule ilikuwa kama yuro tatu na nusu kwa kilo ya nyama, na wafugaji walisema wazi kwamba hiyo hairudishi gharama.

Nilipita na jirani ya binti yangu kwenye lango la kichinjio kimoja. Wafugaji walikuwa wamefunga njia, wamepiga hema pembeni, wana jiko la gesi na birika, wazee kwa vijana. Walikuwa wakitaka mambo mengi, ila nilipouliza mzee mmoja ni lipi hasa, alitaja ile miezi 30. Alisema ng'ombe wa miezi 31 hana tofauti yoyote mezani na wa miezi 29, na kwamba umri huo ni kamba ya kumlazimisha yeye auze siku anayotaka kiwanda. Maneno yale yalinigusa sana. Mapatano yalifikiwa tarehe 15 Septemba kati ya viwanda, vyama vya wakulima na serikali. Nyongeza ikapanda kutoka senti 12 hadi 20 kwa kilo, na wa miezi 30 hadi 36 nao wakawekewa nyongeza yao, senti 8. Umoja wa Ulaya na serikali ya Ireland walikuwa wameshatenga yuro milioni 100 za kufidia hasara. Kijana wa Molo, hapo kwenye fidia uko sahihi, hatuna kitu kama hicho.

Na bado kuna mpaka wenyewe. Kati ya Jamhuri na Ireland Kaskazini kuna karibu kilomita 500 za mpaka na njia za kuvukia zaidi ya 200. Takriban theluthi moja ya maziwa ya Kaskazini huvuka kwenda viwandani kusini, na wanakondoo huvuka kuja kuchinjwa. Lori la maziwa linavuka bila dereva kukanyaga breki. Ukimweka hapo ofisa wa kukagua, ule ushirika mzima umekufa, maana maziwa hayawezi kukaa foleni. Ndiyo maana wakaandika mpango maalumu: Ireland Kaskazini ikaendelea kufuata kanuni za Ulaya za mifugo na chakula, na ukaguzi ukahamishiwa bandarini, kati ya Kaskazini na Uingereza yenyewe. Mpango huo umeleta ugomvi mkubwa wa kisiasa na ulirekebishwa mwaka 2023, lakini kwa mfugaji wa Cavan uliokoa soko lake. Hili sitalitania, mimi ninayeishi Malaba najua mpaka ukifungwa nani anaumia kwanza.

Kuhusu ndama nitaandika baadaye, kuna shehena nasubiriwa.

KijanaWaMolo

Mzee wangu, nimekuelewa, lakini hesabu haikubali. Mwaka 2025 bei ya nyama Ireland ilipita yuro saba kwa kilo. Hiyo ni maradufu ya 2019. Kama mikataba ndiyo inaua wafugaji, imekuwaje bei ikapanda hivyo? Na wakiwa na bei hiyo, kwa nini bado wanapiga kelele kuhusu Mercosur, ule mkataba wa Ulaya na nchi za Amerika Kusini?

KaraniWaMalaba

Kijana wangu, umeuliza vizuri. Bei ilipanda kwa sababu ng'ombe walipungua, kule na kwingineko Ulaya. Wengine walikuwa wameshaacha kufuga nyama miaka ile mibaya. Aliyeuza mifugo yake 2019 hakupata yuro saba za 2025. Hayupo tena sokoni.

Na Mercosur ndiyo inajibu swali la mama kuliko yote. Mkataba wa Umoja wa Ulaya na Brazil, Argentina, Uruguay na Paraguay ulikubaliwa kimsingi mwishoni mwa Juni 2019, wiki chache tu kabla ya malango yale kufungwa. Ukakwama, mazungumzo yakafungwa rasmi Montevideo tarehe 6 Desemba 2024. Ndani yake kuna tani 99,000 za nyama ya ng'ombe zitakazoingia Ulaya kwa ushuru wa asilimia 7.5, zikiongezeka hatua kwa hatua kwa miaka mitano. Ukizigawanya kwa nyama yote ya Ulaya ni kidogo, asilimia moja na nusu hivi, na wanaoutetea mkataba husema hivyohivyo. Mfugaji wa Ireland anajibu kwamba hakuna anayesafirisha mifupa na shingo kuvuka bahari ya Atlantiki. Zitakuja steki. Na steki ya mgongo ndiyo inayobeba bei ya mnyama mzima; ikishuka hiyo, sehemu nyingine haziwezi kuifidia. Mimi nakubaliana naye. Pia analalamika kwamba yeye haruhusiwi homoni za kukuzia, halafu mwaka 2024 wakaguzi wa Ulaya wenyewe wakaona Brazil haiwezi kuthibitisha kwamba nyama ya ng'ombe jike haina homoni ya estradiyoli.

Upande wa Uingereza nako hali ni hiyohiyo. Ushuru kwa Ireland ni sifuri, sawa. Lakini tangu 31 Mei 2023 Australia nayo ina mkataba wake na Uingereza: tani 35,000 za nyama ya ng'ombe bila ushuru mwaka wa kwanza, zikipanda hadi 110,000 mwaka wa kumi. Kwa hiyo mama, hiki ndicho nilichotaka kukuambia: mlango wako waweza kubaki wazi vilevile, na bado ukaumia kwa sababu mwingine amefunguliwa mlango uleule.

MnunuziWaMafahali_Kisumu

Niongeze kidogo, maana mimi nanunua mafahali wa kuchinjwa Kisumu. Mzee amesema kweli kuhusu mnyama kutongoja. Karantini ya ugonjwa wa miguu na midomo ikitangazwa, mnada unafungwa siku hiyohiyo, lakini karo na dawa havifungwi. Watu wananipigia wakitaka nichukue usiku kwa bei ya kutupa. Sichukui, maana ni hatia na ugonjwa unasambaa, lakini wapo wanaochukua.

China iliwafanyia Ireland kitu kama hicho. Walifunguliwa soko la nyama mwaka 2018, wakashangilia. Mei 2020 akapatikana ng'ombe mmoja mwenye ugonjwa wa ubongo, ile aina isiyotokana na chakula, wakaacha kuuza kule. Mlango haukufunguliwa tena mpaka Januari 2023, na Novemba mwaka huohuo akapatikana mwingine, ukafungwa tena kwa miezi michache. Ng'ombe mmoja tu.

Mama, hao ndama dume wenu msiwaue wala msiwape watu bure. Nitarudi kwa hilo.

MamaMitamba_Njoro

Asanteni sana, mzee hasa. Nimesoma majibu haya kwa sauti, mume wangu akisikiliza. Sasa mzee, una maana kwamba hata bila maziwa ya kutoka nje kuingia Njoro, kiwanda kinaweza kutumia habari za mkataba kutushushia bei? Na je, Ireland imewahi kujaribu kuondoka kwa huyu mnunuzi mmoja, Uingereza? Maana sisi pia tuna mnunuzi mmoja.

KaraniWaMalaba

Ndiyo mama, kinaweza, na ni muhimu barua yako ikiulize kiwanda: ni maziwa gani hayo, yametoka wapi? Kwa sababu hali yetu kwenye makaratasi ni hii. Maziwa kutoka nje ya Afrika Mashariki hutozwa ushuru wa asilimia 60. Mkataba wetu na Umoja wa Ulaya ulianza kufanya kazi tarehe 1 Julai 2024, na bidhaa kadhaa nyeti za kilimo ziliwekwa nje ya orodha ya kuondolewa ushuru. Ya Uganda huingia bila ushuru kwa sababu tuko jumuiya moja, na hapo ndipo vibali hutolewa na kusitishwa. Machi 2023, kwa mfano, bodi ya maziwa ilisitisha uingizaji wa maziwa ya unga. Mimi nimeona malori hapa yakirudishwa yalikotoka. Siwezi kufurahia, kwa sababu mfugaji wa Mbarara naye ana karo ya kulipa. Lakini kiwanda kikikuambia "mikataba", mwambie ataje ni upi.

Kuhusu mnunuzi mmoja, Ireland iliumia vibaya kwa hilo zamani. Mwaka 1932 serikali ya de Valera ilikataa kuendelea kuipelekea Uingereza malipo ya mikopo ambayo wakulima walikuwa wamenunulia mashamba kutoka kwa wamiliki wakubwa wa ardhi. Uingereza ikajibu kwa kutoza asilimia 20, baadaye ikazidisha kwa ng'ombe na kuweka viwango vya idadi. Ng'ombe karibu wote wa kuuza nje walikuwa wakienda huko, hapakuwa na pa kwingine. Bei ikaanguka hadi serikali ikawa inalipa watu wachinje ndama na kuleta ngozi, na nyama ikagawiwa maskini bure. Ndama mzuri alikuwa na thamani ya ngozi tu. Mwaka 1935 wakapatana kubadilishana: Ireland inunue makaa ya mawe ya Uingereza, Uingereza ichukue ng'ombe zaidi. Ugomvi ukaisha kwa makubaliano ya 25 Aprili 1938, Ireland ikalipa pauni milioni 10 mara moja. Miaka sita, na wengi wa waliofilisika hawakuwa na usemi wowote katika ugomvi ule.

Waliojinasua zaidi ni watu wa maziwa. Ireland ilipoingia jumuiya ya Ulaya mwaka 1973 walipata soko lingine, na siagi yao ina jina linalojulikana hadi Marekani. Siagi inaweza kukaa ghalani na kutafutiwa mnunuzi mbali. Maziwa mabichi hayawezi. Hilo likuingie, mama.

Sasa ndama. Ulaya iliweka mgao wa maziwa, yaani kikomo cha kiasi cha kuzalisha, mwaka 1984 na kuuondoa 31 Machi 2015. Wa Ireland walipofunguliwa, ng'ombe wa maziwa wakapanda kutoka takriban milioni 1.1 hadi karibu milioni 1.6. Wengi huzaa Februari hadi Aprili ili wakute nyasi, basi madume humiminika wote kwa pamoja. Ni kweli hupakiwa: malori huingia meli Rosslare, husafiri usiku kucha mpaka Cherbourg, Ufaransa, hupumzishwa hapo na kunyweshwa, kisha hupelekwa hasa Uholanzi na Hispania. Biashara hiyo iko hatarini. Desemba 2023 Tume ya Ulaya ilipendekeza sheria kali zaidi za kusafirisha wanyama hai, na ndama wachanga wamo. Mimi niliwaona wakipakiwa na sikupenda. Kwa hiyo wengi wao sasa wanatumia mbegu zilizochaguliwa jinsia kwa ng'ombe bora ili wapate mitamba, na wanaobaki wanawapandisha kwa Angus au Hereford, ndama awe na nyama ya kuuza.

MnunuziWaMafahali_Kisumu

Hapo ndipo nilipotaka kufika. Mama, kwa wale ng'ombe wenu ambao hamhitaji mitamba kutoka kwao, mwambieni mhudumu wa upandishaji alete Boran au Sahiwal. Dume chotara huyo mimi namnunua. Friesian tupu pia namnunua, ila ahasiwe mapema na afike kilo 200. Chini ya hapo gharama ya lori kutoka Njoro inanimaliza. Na sinunui mmoja mmoja. Mkikusanya wa kujaza lori kutoka sosaiti nzima, nakuja na mizani yangu, nanyi mlete yenu.

MamaMitamba_Njoro

Mzee, ndugu wa Kisumu, Mungu awabariki. Barua nimeianza. Nimeandika kwamba bei isishuke kwa maziwa ambayo tayari yameshachukuliwa mwezi huo, na kwamba mabadiliko yaje kwa maandishi mwezi mmoja kabla, yakitaja sababu kwa jina. Mzee, niweke pia ombi la kuuza maziwa ya jioni kwingine?

KaraniWaMalaba

Weka, lakini kabla ya kuliweka soma mkataba mliotia sahihi nacho mwanzoni. Tafuta kifungu kinachosema maziwa "yote". Kama kipo, omba kibadilishwe kiwe cha asubuhi pekee, na uliza bei ya tangi la kupozea kwa sosaiti jirani kabla ya siku ya mkutano, ili wakikuuliza mtayapeleka wapi uwe na jibu.

MamaMitamba_Njoro

Kipo. Kifungu cha tatu. Naenda kumwona mwenyekiti leo jioni.